Mimi ni HSE, wao ni IT, bosi anataka usalama uwe mmoja: tuanzie wapi?

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni afisa HSE, yaani afya, usalama na mazingira, kwenye depo ya mafuta huku pwani, mwaka wa sita sasa. Juzi kwenye kikao bosi kasema kuanzia robo ijayo anataka usalama wote uwe kitu kimoja, yaani sisi wa HSE pamoja na jamaa wa IT wanaoshughulika na usalama wa mtandao. Kikao kiliisha vibaya. IT wanasema mambo ya wadukuzi ni yao, fundi wa instrumenti, yaani vifaa vya kupimia na kuongozea mitambo, anasema PLC zake (zile kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo) haziko kwenye intaneti kwa hiyo hayamhusu, na mimi kusema ukweli sikujua hata niulize nini. Nani aongoze hii kitu, tuanzie wapi, na je tununue mfumo mpya?"

Marahaba dada, na pole na hicho kikao. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka mingi, hapa nyumbani na huko Ghuba nilikofanya kazi kwenye mitambo ya mafuta, na vingi vinaanza hivohivo, kila mtu anavutia kwake. Wala si kwamba watu wana roho mbaya. Kiswahili kimetupa neno moja tu, usalama, halafu kazini likakatwa vipande viwili wakapewa idara mbili zenye wakubwa tofauti na bajeti tofauti. Wewe usalama wako ni mafuta yasimwagike, mtu asiungue, mtu asiingie kwenye tenki bila kupima hewa. Yeye wa IT usalama wake ni mtu asiyehusika asiingie kwenye mfumo. Wewe unaogopa ajali, yeye anaogopa mtu. Bosi wako kwa kusikia neno moja kaona ni kitu kimoja na mimi nasema hajakosea hata kidogo, ila hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha nyinyi watatu mahali ambapo hivyo vipande viwili vinagusana.

Nijibu kwa mkato kwanza halafu ndo nieleze. Aongoze meneja wa depo mwenyewe, si wewe na si IT, kwa sababu siku mafuta yakimwagika barua itaenda mezani kwake, na pia kuna maamuzi ambayo wewe na IT mtagongana na lazima awepo mtu juu yenu wote wawili wa kusema tunafanya hivi. Msinunue chochote kwa sasa, nakuomba sana, maana ukinunua kabla ya kujua unalinda nini utaishia na skrini nzuri ukutani na shimo lilelile chini. Na mnaanza na hatari moja tu, ile unayoijua wewe kuliko wote: tenki kufurika.

Buncefield unaikumbuka bila shaka, maana kila kozi ya HSE ya mafuta wanaifundisha. Tarehe 11 Desemba 2005, kaskazini mwa London, depo kama ya kwenu ila kubwa zaidi. Tenki namba 912 lilikuwa linajazwa petroli usiku, geji ya kupima kina ikakwama, skrini ikawa inaonyesha kina kilekile huku petroli inaingia tu. Uchunguzi ulikuja kukuta ile geji ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka uleule. Juu kabisa ya tenki kulikuwa na swichi nyingine ya kujitegemea ambayo ilitakiwa kuzima kila kitu mafuta yakifika pale, nayo haikufanya kazi. Na hapa ndo nataka usome taratibu. Ile swichi ilikuwa na mkono wa kuijaribia, na kuna kufuli dogo lilitakiwa kuushika huo mkono mahali pake, bila hilo kufuli swichi haifanyi kazi. Waliohusika walidhani kufuli ni la ulinzi tu, la kuzuia watu wasichezee, kwa hiyo halikuwekwa. Zaidi ya lita 250,000 zikamwagika, wingu la mvuke likatanda, saa 12 asubuhi likalipuka. Watu 43 wakaumia, hakuna aliyekufa, ilikuwa Jumapili.

Ona lile kufuli dada. Kitu kimoja, mtu mmoja anakiona cha ulinzi, kumbe ni cha kuzuia mlipuko. Kwenye depo yenu vitu vya namna hiyo vipo vingi sana, na vingi siku hizi haviko kwenye umbo la kufuli, viko ndani ya kompyuta.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndo penye moyo wa jambo lenyewe. Unajua tunavyohesabu kinga. Unasema geji pamoja na opereta wa kontroo rumu vitafeli mara moja katika kumi, swichi ya juu na valvu yake vitafeli mara moja katika mia, unazidisha, unapata moja kwa elfu, unaandika kwenye ripoti, mkaguzi anafurahi. Kile cheti cha SIL 2 mlichonacho, yaani daraja la kuaminika kwa kinga, ndo maana yake hiyo, kwamba kinga ikihitajika itakataa chini ya mara moja kwa mia. Lakini kule kuzidisha kunakubalika kwa sharti moja tu, kwamba kinga ya kwanza ikifeli haiivuti na ya pili. Kwa kutu na vumbi sharti hilo linakubalika, kutu haina akili, haiwezi kusema kwa kuwa leo geji imekwama basi na mimi niishike swichi leoleo. Mtu anaweza. Mtu akiwa kwenye laptopu moja ambayo inafika kwenye geji na inafika kwenye PLC ya kinga, anaifanya geji idanganye na anaiambia kinga ikae kimya, vyote ndani ya dakika moja, na ile moja kwa elfu yako haipo tena. Cheti cha SIL hakikudanganya, kilipima kifaa kuharibika chenyewe, hakikupima kifaa kuamriwa kiharibike.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye kikao HSE inaingiaje kwenye mambo ya wadukuzi, jibu lako ni hilo. Waambie: ripoti yangu ya hatari nimeisaini mimi, na ndani yake kuna namba ambazo zinasimama au kuanguka kutokana na nani ana paswadi ya nini. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61511 ambacho nyie wa mitambo mnakitumia kwa mifumo ya kinga, toleo lake la 2016 linataka kabisa mfumo wa kinga ufanyiwe tathmini ya usalama wa mtandao, kwa hiyo wala huendi kuomba hisani ya mtu. IT wao wana IEC 62443, inahusu usalama wa mtandao kwenye mifumo ya viwandani, waulize kama wameisoma, wengi wamesoma zile za ofisini tu.

Fundi wako wa instrumenti anayesema PLC haziko kwenye intaneti, usibishane naye, mpe chai halafu muulize mambo matatu. Laptopu ya kuprogramu PLC inalala wapi usiku, na nyumbani kwa nani inafika? Mkandarasi akija na flashi inapitia wapi kabla haijachomekwa? Na ile ripoti ya stoku ya kila asubuhi ambayo bosi anaisoma kwenye simu yake, zile namba zinatoka tenkini zinafikaje mjini? Kama namba zinatoka basi njia ipo, na mara nyingi njia ya kutoka imeachwa iwe na ya kuingia pia.

Mfano ni kinu cha nyuklia cha Davis-Besse kule Ohio, Januari 2003. Kirusi kiitwacho Slammer kiliingia kwa laini ya mkandarasi iliyokuwa inapita pembeni ya fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao, skrini za kuonyesha hali ya usalama wa kinu zikafa kwa muda wa karibu masaa matano. Kwa bahati kinu kilikuwa kimezimwa tayari. Hakuna aliyewalenga, kirusi kilikuwa kinazunguka dunia nzima. Na wakati mwingine hata kirusi hakihitajiki, mwaka 2008 kinu cha Hatch, Georgia, mtu aliweka apdeti kwenye kompyuta ya upande wa ofisi, ikajiwasha upya, ikasawazisha data na upande wa mitambo, namba zikasoma sifuri, kinga ikadhani maji ya kupoozea yameisha, ikazima kinu kwa masaa 48. Huyo mtu hakuwa adui, alikuwa mfanyakazi mzuri anayefanya kazi yake, ila hakuna aliyemwambia kompyuta yake ina mkono unaofika kule.

Ila kisa ambacho kila afisa HSE anatakiwa akijue ni cha Saudi Arabia 2017, na kule Ghuba tulikizungumza sana. Kiwanda kikubwa cha petrokemikali pwani ya Bahari ya Shamu kilizimika chenyewe Juni, kikawashwa, kikazimika tena Agosti. Kilichokizima ni kontrola za Triconex, hizo ndo kontrola za kinga, kazi yake ni moja tu, mambo yakiharibika zizime mitambo kabla watu hawajafa. Juni walitafuta ubovu wa kifaa kama tunavyofanya wote, hawakuuona, wakaendelea na kazi. Agosti ndo wakaitwa watu wa mtandao, wakakuta programu ngeni kwenye kompyuta ya uhandisi, imejipa jina linalofanana na programu halali ya zile kontrola, na inaandika vitu ndani ya kumbukumbu za kontrola zenyewe. Ikapewa jina Triton, wengine wanaiita Trisis. Mitambo ilizimika kwa kuwa wadukuzi walikosea kitu kwenye programu yao. Wasingekosea wangebaki mle ndani na uwezo wa kuiambia kinga isifanye kazi siku wanayoitaka wao. Mwaka 2020 Marekani iliiwekea vikwazo taasisi moja ya utafiti ya serikali ya Urusi kwa jambo hilo.

Waliwezaje kuandika kwenye kontrola? Zile kontrola mbele zina ufunguo wa kuzungusha, ukiwa kwenye RUN hakuna wa kubadilisha programu kutoka mbali, ukiwa kwenye PROGRAM mlango uko wazi. Ulikuwa umeachwa kwenye PROGRAM.

Nilivyosoma hicho kisa mwili ulisisimka, kwa sababu mimi huo ufunguo nimeuona kwa macho yangu. Si kule, ni kwenye mtambo mwingine kabisa ambao sitautaja. Nilifungua paneli, kuna vumbi jembamba juu ya ufunguo, umezungushiwa selotepu ya karatasi iliyokuwa nyeupe sasa ya kahawia, na juu yake mtu kaandika kwa peni ya bluu USIGUSE. Uko kwenye nafasi ya kuprogramu. Nikamuuliza fundi wa zamu, akaniambia kwa heshima kabisa, mzee, mkandarasi alikuja kurekebisha kitu akauacha hivo, sisi tunaogopa tukiuzungusha mtambo utazima na tutaulizwa. Muda gani? Akafikiri, akasema kabla mtoto wake hajaanza shule, na mtoto sasa yuko darasa la pili.

Nikaenda kwa afisa HSE, mtu makini, ripoti zake safi, akaniambia ule ufunguo aliuona ila alijua ni mambo ya umeme. Nikaenda kwa kijana wa IT, kijana hodari sana, kompyuta zote za ofisi zina apdeti za wiki ileile, nikamuuliza umeshawahi kuingia chumba kile? Hajawahi. Miaka mitatu. Kwa nini? Getini huruhusiwi kupita bila buti na kofia, na yeye kwenye bajeti yake hana buti, aliomba mara moja akaambiwa IT mnahitaji buti za nini. Dada, mimi naamini kabisa kwamba mtambo ule ulikuwa umebakiza jozi moja ya buti kuwa salama. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza, kabla ya kamati na kabla ya sera, mtafutie jamaa wa IT buti, kofia na ovaroli, mpe semina ya kuingia mitamboni kama mgeni yeyote, halafu mzunguke naye na fundi wa instrumenti siku nzima, paneli kwa paneli. Na yeye akupe wewe mchoro wa mtandao akueleze kwa Kiswahili cha kawaida nini kimeungwa na nini. Akikwambia mchoro haupo, basi mmeshapata kazi ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya pili ni kikao cha tenki moja. Chumba, ubao mweupe, watu watano: opereta wa shifti mwenye uzoefu, fundi, IT, wewe, na meneja hata kama ni kwa saa moja tu. Chora meli, hosi, bomba, valvu ya kuingilia, tenki. Andika kila kinga inayozuia tenki kufurika. Halafu kwa kila kinga mnauliza maswali mawili, la kwako na la kwake. La kwako ni lile la siku zote, hii inaweza kuharibikaje. La kwake ni: hii nani anaweza kuigusa kwa kibodi, na akiwa wapi? Andika jina la kompyuta, si jina la mtu. Mkimaliza, chukueni peni nyekundu mzungushe kila kompyuta iliyotokea mara mbili. Hapo penye nyekundu ndo kinga zenu mbili ni moja. Mimi sijawahi kufanya hiki kikao nikakosa nyekundu hata moja, mara nyingi ni ile laptopu ya fundi, maana imewekwa programu za kila kitu ili isiwe tabu.

Na mkikaa pamoja mtagundua vitu ambavyo kila mmoja peke yake hawezi. Mfano IT atasema poa, mdukuzi akiingia tuwe na kitufe cha kufunga valvu zote, kufunga ni salama. Opereta wako atamkatalia palepale. Meli inasukuma mafuta, tani nyingi zinatembea ndani ya bomba, ukifunga valvu ya nchi kavu ghafla ule uzito hauna breki, presha inapanda ndani ya sekunde chache, hosi inapasuka na petroli iko baharini. Kwa hiyo mdukuzi wala hahitaji kuzuia kinga isifanye kazi, anaweza kuitumia kinga yenyewe kuumiza, kwa kuifunga valvu wakati mbaya. IT hawezi kulijua hilo hata awe na vyeti ukuta mzima, na wewe usingeliwaza kama asingekuwepo mtu wa kufikiria kwa ubaya. Mkishalijua dawa yake ni ya kifundi, muda wa valvu kufunga uwekwe kwenye gia au kwenye kifaa chenyewe isiwe namba ya kubadilisha kwenye skrini, na pampu ya meli isimame kwanza.

Hapohapo niseme na kitu ninachokiamini sana: kila hatari kubwa iwe na angalau kinga moja isiyo na kibodi kabisa. Swichi ya kuelea iliyofungwa kwa waya moja kwa moja kwenye rilei (swichi ya umeme isiyo na programu), kitufe chekundu chenye waya wake, valvu ya kutoa presha yenye springi. Watu wa mauzo watakwambia hizo ni za kizamani na hazitoi data. Ndiyo, hazitoi data, na hakuna mtu wa kuziamuru kutoka mbali, na ndo sababu nazitaka.

Baada ya hapo ndo makaratasi, na hapa habari njema ni kwamba huhitaji kuanzisha mfumo mpya, unao tayari. Una kibali cha kazi. Mtu akija na mashine ya kuchomelea humwachii aingie tu, unapima gesi, unaweka mtu wa kusimamia moto usizuke, unaandika saa ya kuanza na kumaliza. Laptopu ya mkandarasi inayochomekwa kwenye PLC ichukulie kama mashine ya kuchomelea. Iombewe kibali. Badala ya kupima gesi, IT anaipima virusi na anaangalia kama ina modemu ya simu ndani. Badala ya mtu wa zimamoto, fundi wenu anakaa pembeni mwanzo mpaka mwisho, asiende kunywa chai. Kabla ya kuanza bakapu, yaani nakala ya akiba, ya programu iliyopo inachukuliwa, baada ya kumaliza ufunguo unarudi RUN na kibali hakifungwi mpaka mtu awe ameuona kwa macho akasaini. Na mkandarasi akimaliza mkataba akaunti zake zifutwe siku ileile, kule Queensland, Australia, mwaka 2000 mtu aliyewahi kufanya kazi na mkandarasi wa mfumo wa majitaka alinyimwa kazi na halmashauri, akatumia redio na kompyuta kuamrisha pampu kutoka nje, lita kama 800,000 za majitaka zikaenda kwenye mito na bustani za umma.

Pia una fomu ya mabadiliko, ile mnayojaza mkibadilisha pampu au valvu. Ongezeni sahihi mbili. Mabadiliko yoyote ya mitambo IT aone, mabadiliko yoyote ya mtandao yanayogusa mitambo wewe uone. Hii ni muhimu kwa sababu saa zenu haziendi sawa. Ripoti yako ya hatari ukishaisaini inakaa miaka mpaka mapitio yajayo, yeye kila wiki kuna shimo jipya limetangazwa na anatakiwa aweke apdeti. Bila hiyo fomu atabadilisha kitu Jumanne na ripoti yako ya hatari itakuwa ya uongo kuanzia Jumanne jioni, na hakuna atakayejua.

Migongano itakuwepo, usiogope. Ya kawaida kabisa ni skrini ya kontroo rumu. IT anataka ijifunge baada ya dakika kumi na paswadi iwe ndefu. Opereta alamu zinalia, mikono inatetemeka, anakosea paswadi mara tatu, inamfungia. Nimeona waliolazimishwa hivo, wiki moja tu paswadi iko kwenye karatasi chini ya skrini, kwa hiyo mmekosa usalama wa aina zote mbili. Mwafaka ni kwamba skrini ya kuendeshea haijifungi ila mlango wa chumba ndo unafungwa na anayeingia anajulikana, na kubadilisha programu kunafanyika kwenye kompyuta nyingine yenye paswadi ya mtu mmojammoja. Mgongano mwingine ni apdeti, hapo msikubali kufanya mtambo ukiwa unatembea na msikubali pia kutofanya milele, pangeni na siku za matengenezo makubwa.

Mgongano mzito kuliko yote ni siku ya tukio. IT kafundishwa kwamba kirusi kikionekana kata kila kitu haraka. Wewe umefundishwa kwamba hakuna kukata kitu chochote mafuta yakiwa yanatembea bila kujua kitakachofuata. Wote mko sahihi, ndo maana lazima muamue leo, mkiwa mmekaa, chai mezani. Mwezi Mei 2021 kampuni ya bomba la Colonial kule Marekani iliingiliwa upande wa kompyuta za ofisi, kupitia akaunti ya zamani iliyokuwa na paswadi tu bila kinga nyingine, na kampuni yenyewe ikaamua kusimamisha bomba, siku kama tano, vituo vya mafuta vikakauka pwani ya mashariki. Kwenu iandikwe karatasi moja, mbele na nyuma isizidi. Upande wa ofisi IT akate bila kumuuliza mtu. Waya unaounganisha ofisi na mitambo akate na ampigie simu supervaiza wa shifti papo hapo, na kabla ya siku hiyo mjaribu kwa kweli kuuchomoa muone depo inaendelea kufanya kazi au la. Upande wa mitambo asiguse kitu, anayeamua ni supervaiza, meli kwanza isimame. Namba za simu ziandikwe kwenye hiyo karatasi na ibandikwe ukutani, maana siku hiyo kompyuta yenye namba ndo itakuwa imefungwa.

Jambo moja dogo ila linanigusa sana. Nyie wa HSE mmetumia miaka kuwafundisha watu kuripoti nusura-ajali bila kuogopa, mtu akiteleza anasema, haadhibiwi, wote tunajifunza. Upande wa IT mara nyingi ni kinyume, mtu akibofya kiungo kibaya anatajwa kwenye barua pepe ya kampuni nzima kama mwizi. Matokeo yake anayefuata anabofya na anakaa kimya, na ule ukimya ndo mdukuzi anautaka. Wapelekee utamaduni wako, flashi ngeni kuchomekwa iingie kwenye kitabu kilekile cha nusura-ajali, isomwe kwenye kikao cha asubuhi pamoja na yule aliyeteleza kwenye ngazi. Na mtambo ukizima bila sababu kujulikana, fomu ya uchunguzi iwe na mstari wa IT, hata kama kila mtu ana uhakika ni sensa. Wale wa Saudi Arabia 2017 kati ya Juni na Agosti wangeuhitaji sana huo mstari.

Anza na buti wiki hii, ubao mwezi huu. Ule mchoro wenye peni nyekundu mkishamaliza upigwe chapa nakala mbili, moja kabatini kwa meneja na moja kwako, usipigwe picha ukatumwa kwenye grupu la WhatsApp la kazi, na hata mimi usinitumie. Ukikwama niandikie swali kwa maneno, bila majina ya vifaa, nitakujibu.